Malengelenge kwenye mkuku wa chuma: rangi bandia, au chumvi iliyofungiwa ndani?

Msomaji wa Mtwapa, pwani ya Kenya, anatunza boti ya tanga ya faiba, futi 33, iliyoundwa Ulaya miaka ya 1980, yenye mkuku (lile pande zito la chini ya boti) wa chuma. Mwenye boti yuko ng'ambo. Mwaka jana fundi aliuchapa mkuku kwa grainda yenye brashi ya waya, akapaka dawa ya kutu, akaziba mashimo kwa bodi fila, akapiga red oksaidi (rangi ya msingi ya kuzuia kutu) mikono miwili na epoksi (rangi ngumu ya kuchanganywa na hadina, yaani kigumishi) mkono mmoja, kisha rangi nyekundu ya shaba ya kuzuia viumbe vya bahari visigande. Akafunga na zinki mbili kubwa mpya, moja kila upande, vile vipande vya madini vinavyoliwa na bahari badala ya mkuku. Kazi yote ilifanywa boti ikiwa imeegemezwa kwenye nguzo siku za bamvua: maji yakipwa wanapaka, yakijaa wanasubiri. Haikutimia miezi minane, mkuku mzima ukawa na malengelenge madogo yanayotoa maji meusi yakipasuliwa, na kuzunguka zile zinki rangi inabambuka vipande vipana kama kiganja. Mwenye boti anasema fundi alipewa pesa ya rangi nzuri akanunua bandia. Msomaji anauliza: ni kweli? Ni lazima kubandua yote? Na wakipaka upya, wapake nini?

Ndugu yangu, nianze na fundi, maana naona lawama zote zimemwangukia yeye na duka. Rangi bandia ipo, sikatai. Lakini epoksi bandia, au iliyokosewa kipimo cha hadina, huwa haifichi sura yake: haikauki sawasawa, na hata baada ya miezi ukiisugua kwa kitambaa chenye thina inalainika na kunata. Jaribu mahali ambapo rangi bado imeshika, baada ya kukwangua ile nyekundu ya juu. Kitambaa kikichukua rangi kidogo tu na utando ukabaki mgumu, basi epoksi ni nzima. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani utaikuta nzima. Tatizo liko chini yake.

Tena si tatizo moja. Malengelenge madogo yaliyotapakaa mkuku mzima na yale mabamba yanayobambuka karibu na zinki yana asili mbili tofauti, na ukiyatibu kwa dawa moja utarudi hapa hapa mwakani.

Siku mtakayoipandisha boti, kabla hamjapiga maji wala kukwangua, tafuta malengelenge ambayo hayajapasuka. Osha sehemu hiyo kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ikaushe kabisa kwa kitambaa (maji ya bahari yenyewe yana pH, kipimo cha asidi na alkali, ya 8 hivi, yatakudanganya), halafu toboa lengelenge kwa sindano na ugusishe tone linalotoka kwenye karatasi ya kupimia pH. Zile zenye rangi nyingi zinazouzwa kwa watu wa mabwawa ya kuogelea zinatosha. Fanya hivyo kwenye malengelenge kadhaa ya katikati ya mkuku na kadhaa ya karibu na zinki, na uandike. Tone likisoma asidi, 5 au chini, na ule uji mweusi ukageuka kahawia mbele ya macho yako ukishapata hewa, umeshika kutu inayoendelea kwenye chumvi iliyofungiwa chini ya rangi. Tone likisoma 10 au zaidi, na chuma chini ya rangi kikawa safi, kijivu, karibu king'ae, hapo kutu haihusiki kabisa. Rangi imesukumwa na umeme wa zinki.

Kisha geuza kipande cha rangi kilichobambuka uangalie mgongo wake. Mgongo wenye unga mweusi wa kutu umeachia kwenye chuma. Lakini mgongo ukiwa ni epoksi tupu, na ile nyekundu ya red oksaidi imebaki kwenye mkuku, basi mikono miwili ya rangi haikushikana yenyewe kwa yenyewe. Kwa kazi iliyopakwa kati ya maji kupwa na kujaa, ningeshangaa usipokuta vipande vya namna hiyo. Pwani yetu bamvua hupandisha na kushusha maji karibu mita 3.5. Kila maji yalipojaa, red oksaidi ambayo haijakauka vizuri ilizama, na yalipopwa yakaacha utando wa chumvi juu yake. Fundi alikuja akapaka juu ya chumvi. Maji baridi ya kuoshea hukuyataja, kwa hiyo nachukulia hayakuwapo.

Sasa kuhusu chumvi yenyewe. Mkuku wa boti kama yenu ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na si bamba la chuma kama la meli. Kina kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekaa ndani yake kama vipande vidogo vya grafiti, ile ile ya ndani ya penseli. Kwenye maji ya bahari chuma huliwa, grafiti hubaki. Ndiyo maana kwenye mashimo ya mkuku mkongwe utakuta kitu cheusi, laini, chenye umbo kamili la mkuku, lakini ukikichoma kisu kinakatika. Watu wengi hukipaka rangi wakidhani ni chuma. Si chuma tena. Ni sifongo iliyojaa chumvi.

Brashi ya waya kwenye grainda haiondoi kitu hicho. Inakisugua mpaka kinang'aa, na ukitazama unaona mkuku mzuri ajabu. Hapo ndipo kazi nyingi za mikuku huharibikia. Chumvi imebaki chini ya ule mng'ao, rangi inapakwa juu, boti inarudi majini. Hakuna rangi isiyopitisha maji kabisa. Yote hupitisha kidogo kidogo, na chumvi iliyo chini huyavuta hadi lengelenge linainuka. Dawa ya kutu nayo huongeza tatizo ikiachwa nyingi bila kusuuzwa, kwa sababu mabaki yake huyeyuka na kuvuta maji vilevile. Kwenye geti la nyumba dawa hiyo sina neno nayo. Kwenye mkuku ninaikataa.

Bodi fila nitaisema kwa sentensi moja: imetengenezwa kwa ajili ya milango ya magari, inanyonya maji, na chini ya usawa wa maji haina kazi.

Tuje kwenye zinki. Zinki inalinda mkuku kwa kuliwa badala yake, na umeme mdogo unaopita kati yao huzalisha alkali juu ya chuma kinacholindwa. Epoksi nzuri iliyoshika kwenye chuma safi huvumilia alkali hiyo. Red oksaidi ya kawaida ya madukani haivumilii, kwa kuwa imetengenezwa kwa mafuta, na mafuta yakikutana na alkali kali yanakuwa sabuni. Si mfano, ndicho kinachotokea: ni kemia ile ile ya kina mama wanaochanganya mafuta ya nazi na kostiki soda. Ukishika kile kilichobaki chini ya bamba lililobambuka karibu na zinki, utaona kinateleza kidogo vidoleni. Kwa hiyo fundi alifunga ulinzi mzuri juu ya rangi isiyoweza kukaa na ulinzi huo, na kadiri zinki zilivyokuwa kubwa ndivyo rangi iliyozizunguka ilivyowahi kuachia.

Kabla ya kuzilaumu zinki peke yake, pima umeme boti ikiwa majini. Chukua kipande cha zinki safi, kifunge kwenye waya, kizamishe pembeni. Weka mita kwenye volti za DC, waya mwekundu uguse boliti ya mkuku ndani ya ngama (sakafu ya chini kabisa ya boti, maji yanapokusanyika), mweusi uguse waya wa kile kipande. Chuma kisicholindwa kabisa kitasoma karibu 0.4. Kilicholindwa vizuri kitasoma 0.2 au chini yake. Ikishuka hadi sifuri, mkuku umefunikwa na zinki nyingi kuliko inavyohitaji. Lakini ikipita sifuri na alama ya kutoa ikatokea, hizo si zinki, maana zinki haiwezi kuushusha mkuku chini ya kiwango chake yenyewe. Kuna umeme wa betri unaovuja. Hapo zima kimoja kimoja: pampu ya ngama, redio, waya wa sola, huku unatazama mita. Mara nyingi huwa ni pampu, kwa sababu swichi yake ya kuelea imekaa majini miaka na viungo vya nyaya vimezungushiwa selotepu.

Angalia pia kama kuna waya unaounganisha boliti za mkuku na injini. Boti nyingi za miaka hiyo zilitoka kiwandani hivyo. Ukiwapo, mkuku umeunganishwa na propela ya shaba, na kila mahali rangi ilipofunguka chuma kinaliwa ili kuilinda shaba. Usiukate kabla hujajua kama ndio njia ya radi kuteremkia majini. Mpigie mwenye boti akuoneshe michoro.

Swali lako la pili: kubandua yote? Kwenye mkuku, ndiyo. Najua jibu hili lina gharama, lakini red oksaidi iko chini ya kila kitu kilicho juu yake. Ukizitia viraka sehemu zilizobambuka tu, sehemu zilizobaki zitafuata. Mwili wa boti, ule wa faiba, usiuguse. Matatizo haya hayauhusu.

Ila hakuna haja ya hofu. Chuma kisicho na rangi kabisa baharini hupoteza takriban milimita 0.1 kwa mwaka. Mkuku wa tani mbili hautayeyuka kwa sababu ya msimu mmoja wa malengelenge. Kutu ya ubavuni ni sura mbaya na mwendo wa kuburura. Kinachonikosesha usingizi ni pale juu, mkuku unapokutana na boti. Tazama kiungo hicho kote. Ukikuta ufa unaozunguka, au michirizi ya kutu inayotoka humo na kurudi hata baada ya kufutwa, acha mambo ya rangi kwanza ukague boliti na faiba iliyozishika. Mwaka 2014 boti ya Uingereza yenye jina la Kiswahili nusu, Cheeki Rafiki, ilipoteza mkuku wake katikati ya Atlantiki na watu wote wanne wakafa. Wachunguzi wa Uingereza waliona kuwa huenda kugonga chini mara kwa mara na matengenezo yaliyofuata ndiyo yaliyodhoofisha sehemu ya boti inayobeba mkuku. Boti inayoegemezwa kwenye mchanga kila mwaka, ikikaa juu ya mkuku wake, inastahili jicho hilo.

Sasa kazi yenyewe. Haifanyiki kati ya maji mawili. Majahazi yetu yanaweza, kwa sababu mkuku ni mti, na shahamu na chokaa havina haja ya kukauka kama epoksi. Chuma kinataka boti itoke majini, ikae juu ya magogo au troli, angalau juma moja na nusu. Ukipewa uchaguzi wa kutumia pesa kwenye rangi ya bei kubwa au kwenye siku za nchi kavu, nunua siku.

Njia bora ya kusafisha ni kupiga mchanga kwa kompresa, lakini usikubali mchanga wa pwani. Una chumvi, ndiyo hiyo hiyo unayoikimbia, na vumbi lake la silika huharibu mapafu ya anayepiga. Tafuta garneti, chembe za madini magumu zinazouzwa kwa kazi hiyo. Chuma kitoke cheupe-kijivu, kikwaruze kama msasa ukipitisha kucha. Kama kompresa haipatikani, tumia grainda yenye diski ya msasa mkali, namba 36 au 40, si brashi ya waya, na kila shimo lichimbwe hadi chuma kigumu. Kila kitu cheusi kinachokubali kisu kitoke, hata kama shimo litakuwa kubwa kuliko ulivyopenda.

Halafu, wengi wanashangaa nikisema hivi, usipake. Osha mkuku kwa maji baridi mengi yenye nguvu, uache ulale usiku mmoja. Asubuhi utakuwa na kutu nyepesi ya rangi ya chungwa kote. Hiyo si neno. Unachotafuta ni madoa meusi-meusi, yenye unyevu, kama yametoka jasho. Hapo ndipo chumvi ilipobaki. Yazungushie chaki, yarudie kwa diski au mchanga, osha tena. Mkuku mkongwe unaweza kudai mzunguko huo zaidi ya mara moja. Ukitaka uhakika zaidi, chukua pamba, ilowanishe kwa maji ya betri, yale safi ya kuongezea (distilled) na si asidi, sugua eneo la ukubwa wa kiganja, ikamulie kwenye kikombe safi, na upime kwa ile mita ndogo ya TDS (kipimo cha chumvi iliyoyeyuka majini) wanayotumia wauza maji. Linganisha namba na ya maji ya betri peke yake. Baada ya kila mzunguko tofauti inapaswa kupungua. Ikiacha kupungua, umefika.

Siku ya kupaka, saa ndiyo inayoamua. Mkuku ni pande zito la chuma na hukaa na baridi ya usiku muda mrefu. Saa tatu asubuhi hewa ya Mtwapa imeshapata joto na imejaa unyevu, lakini chuma bado kiko baridi, kwa hiyo kinatoka jasho ambalo jicho halioni. Epoksi ikipakwa hapo inashika maji, haishiki chuma. Kanuni ya watu wa rangi ni chuma kiwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji), na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Usipokuwa na kipima, futa sehemu ndogo ya mkuku kwa kitambaa chenye unyevu uangalie saa: alama ikikauka ndani ya robo saa, unaweza kuanza. Mara nyingi itakuwa kati ya saa sita na saa tisa alasiri, chini ya turubai la kivuli. Jua likipiga chuma moja kwa moja kinapata moto, hewa iliyo kwenye vitundu inatanuka na kutoboa rangi mbichi. Ndiyo maana napenda mkono wa kwanza uingie wakati joto la mchana limeanza kushuka. Kwa msimu, Januari na Februari ni zawadi. Masika usijaribu.

Msasa wa mwisho, vumbi lifutwe, na mkono wa kwanza wa epoksi uwe juu ya chuma kabla ya saa moja kwisha. Mmoja asafishe, mwingine afuate na brashi nyuma yake, upande mmoja kwa wakati. Epoksi iwe moja kwa moja kwenye chuma: hakuna red oksaidi, hakuna dawa ya kutu, na ile rangi ya zinki ya kupulizia mageti pia isiingie majini chini ya epoksi. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, usukumwe ndani ya vitundu kwa brashi ngumu. Mashimo yanazibwa baada ya hapo, kwa fila ya epoksi. Kingo kali za mbele na nyuma zizungushwe kwa diski tangu mwanzo, kisha zipewe mkono wao wa ziada kwa brashi, maana rangi mbichi hukimbia ukingo.

Endelea mpaka unene mkavu ufike mikroni 300 (milimita 0.3) au zaidi. Kwa epoksi nyingi ni mikono minne au mitano, si mmoja. Tazama kwenye kopo asilimia ya kinachobaki baada ya thina kuruka: ikiwa ni 50, mikroni 200 mbichi zitakupa 100 kavu. Kile kichana kidogo cha kupimia rangi mbichi ni rahisi, nunua. Badilisha rangi, kijivu kisha nyeupe, ili macho yaone palipoachwa. Na kila asubuhi, kabla ya mkono unaofuata, osha epoksi ya jana kwa maji baridi na sponji ngumu. Kwenye unyevu wa pwani epoksi hutoa juu yake utando wa mafuta-mafuta kama nta, na thina huutawanya tu. Maji huuondoa. Baada ya hapo msasa mwepesi.

Usisahau tako la mkuku, pale unapokalia magogo. Huwa halipakwi kwa sababu halifikiki, na mwakani kutu inaanzia hapo. Panga magogo ili katikati ya kazi uweze kuisogeza boti na kupata sehemu hizo, nazo zipitie hatua zote.

Kama mwenye boti hana pesa ya hayo yote msimu huu, mwambie wazi kuwa mnavuta muda. Kwangueni yaliyobambuka, osheni kwa maji baridi, pakeni epoksi ile inayokubali chuma chenye unyevu kwenye sehemu hizo tu, na badala ya zinki mbili kubwa wekeni moja ndogo, huku mkipima kwa mita kila mwezi. Itawafikisha Januari. Kumbandika fundi jina la mwizi hakutawafikisha popote, maana hata angenunua rangi ya bei ghali kuliko zote Mombasa, kwa kazi ile ingeachia vilevile.

Rangi ya shaba inaweza kurudi juu, mradi epoksi iliyo chini haina tundu. Shaba ikigusa chuma tupu, chuma kinaliwa. Rangi hiyo ya shaba ipakwe wakati epoksi ya mwisho bado inachukua alama ya kidole gumba bila kukichafua. Ikishapita hapo, piga msasa kwanza. Zinki yenyewe isipakwe chochote.